Kipimo cha Haraka cha Virusi Kinapoleta Utata: Dalili za Hitilafu, Visababishi na Hatua za Kuchukua

Malalamiko kuhusu vipimo vya haraka vya virusi hayabadiliki sana: mstari haujatokea, mstari umetokea kwa mtu ambaye hakuna aliyemdhania, mashine imeandika "batili", au kipimo kimesema hasi huku mgonjwa akiungua kwa homa. Kabla ya kukilaumu kifaa, ni vyema kujiuliza kimeulizwa swali gani. Kipimo cha antijeni hutafuta protini ya kirusi chenyewe, kipimo cha kingamwili hutafuta namna mwili ulivyomjibu mvamizi huyo, na PCR pamoja na LAMP hutafuta vinasaba vyake. Majibu ya vipimo hivyo vitatu yanaweza kutofautiana kwa mgonjwa mmoja, siku moja, na yote yakawa sahihi.

Katika kila dalili iliyoelezwa hapa, kisababishi kinachojitokeza mara nyingi ndicho kinachotangulia, na ukaguzi usiohitaji chochote zaidi ya macho na saa hutangulia ule unaohitaji vitendanishi vipya.

Mstari wa udhibiti haujaonekana

Kaseti, yaani kifaa cha plastiki chenye dirisha la majibu, isiyo na mstari wa C (wa udhibiti) ni batili, hata kama mstari wa T (wa jibu lenyewe) umejitokeza waziwazi. Usiandike jibu lolote zaidi ya neno "batili".

Sababu ya kwanza, na ndiyo inayoongoza kwa mbali, ni kimiminika kisichotosha. Mtazame mpimaji anapodondosha bafa, kile kimiminika kinachokuja na kipimo: chupa ameilaza, ncha yake inagusa ukingo wa tundu la sampuli, na anahesabu matone matatu ambayo moja kati yake ni povu la hewa. Tone linalotoka kwenye chupa iliyolazwa halina ujazo sawa na linalotoka kwenye chupa iliyosimama wima, na povu halibebi bafa. Shika chupa wima, ncha yake iwe juu ya tundu bila kuligusa, acha tone lianguke lenyewe, na tone lenye povu usilihesabu. Kwa damu ya kidoleni, hakikisha mrija mwembamba umejaa hadi alama, kwa kuwa mrija uliojaa nusu huacha kaseti ikiwa na kiu.

Sababu ya pili ni sampuli nzito. Damu iliyoanza kuganda, kamasi zilizoshikamana au kinyesi kilichozidi kiasi huziba njia, na utaona wekundu umesimama katikati ya dirisha bila kusonga. Wengi hushawishika kuongeza tone jingine la bafa ili "kusukuma". Kufanya hivyo hubadilisha uwiano uliokusudiwa na mtengenezaji, na jibu litakalotokea halina thamani, kwa hiyo chukua kaseti mpya na sampuli mpya.

Sababu ya tatu ni unyevu na joto. Vipimo vingi vya aina hii huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30 za Selsiasi. Chembechembe za dhahabu zilizofungwa kwenye kingamwili, ambazo ndizo zinazoleta rangi ya mstari, hazivumilii unyevu. Kagua kama pakiti ilikuwa na tundu, na kama kifuko cha kukausha unyevu kimebadilika rangi pale ambapo kimewekewa alama ya rangi. Kaseti iliyotoka kwenye jokofu iachwe ifikie joto la chumba ikiwa bado ndani ya pakiti iliyofungwa, kwani ukiifungua ikiwa ya baridi, mvuke wa hewani utatua juu ya utando wake.

Kasoro ya kiwandani ndiyo ya mwisho kushukiwa. Rudia kwa kaseti mpya. Ikiwa ya pili nayo ni batili, pima sampuli za udhibiti ambazo majibu yake yanajulikana. Zikishindwa, simamisha matumizi ya toleo hilo lote (vipimo vyote vilivyotengenezwa pamoja navyo), andika namba ya toleo, mjulishe msimamizi wa maabara, mtengenezaji na mamlaka inayosimamia vifaa tiba, na pitia upya majibu yaliyokwisha kutolewa kwa toleo hilo tangu udhibiti wa mwisho uliofaulu.

Mgonjwa ana dalili zote, kipimo kinasema hasi

Hapa ndipo makosa mengi hukaa, na mengi hayamo ndani ya kaseti. Katika vipimo vingi vya haraka, mstari wa C huthibitisha kwamba kimiminika kimepita na kitendanishi kinafanya kazi. Hauthibitishi kwamba sampuli ilikuwa nzuri, na katika aina nyingi hauthibitishi hata kwamba sampuli iliwekwa. Dondosha bafa tupu, na mstari wa C utajitokeza vizuri kabisa.

Anza na kalenda. Muulize mgonjwa dalili zilianza lini, au aliambukizwa lini ikiwa anajua, kisha linganisha siku hizo na kile ambacho kipimo kinatafuta. Vipimo vya haraka vya kingamwili za VVU kwa kawaida hugundua maambukizi kati ya siku 23 na 90 baada ya kuambukizwa. Vile vya maabara vinavyotafuta antijeni ya p24 pamoja na kingamwili hutangulia, kati ya siku 18 na 45. Mtu aliyepimwa wiki moja baada ya tukio la hatari hajapata jibu hasi kwa maana halisi, bali amepimwa mapema, na ni lazima aelezwe hivyo na kupangiwa siku ya kurudi. Anayetumia dawa za kujikinga na VVU, au aliyeanza tiba mapema mno, anaweza kuchelewa zaidi kuonyesha kingamwili. Katika dengue, antijeni ya NS1 huonekana katika wiki ya kwanza ya homa, ilhali IgM, kingamwili inayotangulia kutengenezwa na mwili, huanza kuonekana kuanzia siku ya nne au ya tano. Anayepima IgM peke yake siku ya pili ya homa anatafuta kitu ambacho mwili haujakitengeneza. Kuna na mtego wa ziada: kwa mtu anayeugua dengue kwa mara ya pili, kingamwili za zamani huweza kuifunika NS1, na IgM ikapanda kidogo tu, kwa hiyo hasi mbili kwa pamoja hazitoshi kumwondolea shaka. Virusi vya njia ya hewa huenda kinyume, kwa kuwa kirusi huwa kingi mwanzoni kisha hupungua. Kipimo cha antijeni ya influenza hufaa zaidi ndani ya siku tatu au nne za mwanzo, na cha UVIKO-19 ndani ya wiki ya kwanza, huku jibu hasi la mwenye dalili likirudiwa baada ya saa 48.

Kalenda ikiwa sawa, geukia sampuli. Pamba ya kuchukulia sampuli ya nyuma ya pua inapaswa kuingia umbali unaokaribia ule wa kutoka tundu la pua hadi sikioni, ikielekezwa sambamba na kaakaa, si kuelekea juu, kisha ikae hapo sekunde kadhaa huku ikizungushwa taratibu. Ile inayogusa ukingo wa pua na kutoka mara tu mgonjwa anapokunja uso hubeba kamasi tupu. Anayetumia hadubini na kingamwili zinazong'aa ana nafuu ambayo mwenye kaseti hana: akitazama slaidi anaona kama seli za utando wa njia ya hewa zimo au hazimo, na zikikosekana anaikataa sampuli badala ya kuandika hasi. Kaseti haina macho hayo.

Kagua pia kijiti chenyewe na kimiminika ambamo kimetumbukizwa. Vijiti vya mbao na pamba za alijineti ya kalisi huweza kuzuia PCR, kwa hiyo hutumika vya plastiki vyenye nyuzi za nailoni au poliesta. Na ikiwa pamba imetumbukizwa kwenye mililita 3 za kimiminika cha kusafirishia virusi, sampuli iliyokuwa na sehemu moja ya kumi ya mililita imezimuliwa mara thelathini. Kwa PCR hilo linavumilika, lakini kwa kipimo cha antijeni linaweza kuufuta mstari. Tumia kimiminika hicho pale tu ambapo maelekezo ya mtengenezaji yanaruhusu.

Baada ya hapo kubali mipaka ya njia yenyewe. Vipimo vya haraka vya antijeni ya influenza hugundua takribani asilimia 50 hadi 70 ya walioambukizwa. Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango cha chini cha asilimia 80 kwa vipimo vya antijeni ya UVIKO-19, vikilinganishwa na PCR. Maana yake ni kwamba hata kipimo kilichofuzu kinaweza kumkosa mmoja kati ya watano, na wakati wa mlipuko, jibu hasi la mwenye dalili zote halifungi mjadala.

Visababishi vya nadra vinabaki viwili. Antijeni ikizidi mno, huzijaza kingamwili za kwenye chembechembe na zile za kwenye utando kila moja kivyake, daraja linalotengeneza mstari halijengeki, na mgonjwa mwenye virusi wengi kupita kiasi anatoka hasi. Maabara iliyothibitisha utaratibu huo huzimua sampuli mara kumi na kurudia. Mstari ukitokea baada ya kuzimua, kisa kimejulikana. Cha pili ni vidonge vya biotini vya kiwango kikubwa, ambavyo huvuruga baadhi ya vipimo vilivyojengwa juu ya muungano wa biotini na streptavidini. Swali moja kwa mgonjwa linatosha kuligundua hilo.

Simama hapa: ikiwa historia inaelekeza kwenye Ebola, Marburg au homa nyingine ya virusi yenye kutoa damu, usiendelee kuifungua sampuli kwenye meza ya wazi ili "kuhakikisha". Ifunge, tenga eneo, na uite timu inayohusika na magonjwa hayo. Fahamu pia kwamba virusi vya Ebola vinaweza kuchukua hadi siku tatu tangu dalili zianze kabla ya kuonekana kwenye damu, na kwa sababu hiyo jibu hasi la sampuli iliyochukuliwa kabla ya saa 72 hurudiwa kwa sampuli mpya.

Jibu chanya lisilotarajiwa, au chanya nyingi kupita kawaida

Niliwahi kufanya kazi kwenye benchi moja ambako idadi ya majibu chanya ilikuwa ikipanda kila mchana. Kaseti za asubuhi ziliwekwa safu moja, mpimaji akaenda kula, na aliporudi baada ya saa nzima alizisoma zote kwa mpigo mmoja. Utando unapokauka, kimiminika hurudi nyuma na kuacha kivuli cha kijivu mahali pa mstari wa T. Asubuhi zile zile kaseti zilizosomwa kwa wakati zilikuwa hasi. Kwa hiyo swali la kwanza ni saa: kipimo kinachosomwa kati ya dakika 15 na 20 hakina jibu baada ya hapo. Kila kaseti iandikwe saa ya kuanza kwa kalamu, juu ya kaseti yenyewe, na saa ya kengele isitumiwe na watu wawili wenye vipimo tofauti.

Sababu inayofuata ni bafa isiyo ya kipimo hicho. Chupa zinafanana, na moja ikiisha mtu huazima ya boksi la jirani, au hutumia maji, au maji ya chumvi. Bafa hudhibiti uchachu na chumvi ili kingamwili zishike kile tu zilichokusudiwa kushika. Bila hiyo hushikana ovyo na mstari hutokea hata pasipo kirusi. Boksi lililobaki na kaseti bila bafa yake lisitumike.

Kisha ipo hesabu, ambayo watu huiruka kwa sababu haionekani kwa macho. Chukua kipimo chenye uwezo wa kugundua asilimia 80 ya walioambukizwa, na kinachotoa hasi sahihi kwa asilimia 97 ya wasioambukizwa. Pima watu 10,000 mahali ambapo mtu mmoja tu kati ya mia ameambukizwa. Walioambukizwa ni 100, na kipimo kitawakamata 80. Wasioambukizwa ni 9,900, na asilimia 3 yao, yaani watu 297, watapata chanya ya uongo. Kati ya chanya 377, za kweli ni 80, sawa na takribani moja kati ya tano. Kifaa hakijaharibika, kimepelekwa kuwapima watu wasio na dalili mahali ambapo ugonjwa ni adimu. Dawa yake ni kuthibitisha kila chanya kwa njia nyingine, au kupima wale wenye sababu ya kupimwa.

Baada ya hesabu ndipo tunafika kwenye biolojia. Kingamwili za dengue, zika na homa ya manjano hufanana kiasi cha kuchanganywa na vipimo, na chanjo ya homa ya manjano inaweza kuacha athari hiyo hiyo. Antijeni ya uso ya homa ya ini B huweza kuonekana kwa muda kwenye damu ya mtu aliyechanjwa karibuni, hadi siku 18 baada ya chanjo, kwa kuwa chanjo yenyewe imetengenezwa kwa protini hiyo. Mtoto aliye chini ya miezi 18 hubeba kingamwili za VVU za mama yake, hivyo kipimo cha kingamwili hakiwezi kuthibitisha kwamba ameambukizwa; anahitaji kipimo cha vinasaba. Mwisho kabisa zipo kingamwili za aina ya rumatoidi na nyingine zinazojifunga kwenye kingamwili za kifaa bila kuhusiana na kirusi chochote.

Simama hapa: usimtangazie mtu kwamba ana VVU kwa msingi wa kaseti moja. Tangu mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani linapendekeza vipimo vitatu tofauti vyenye majibu chanya mfululizo kabla ya utambuzi kutolewa. Chanya ya kwanza ni ishara ya kuendelea kupima.

Mstari wa T umefifia

Mstari uliotokea ndani ya muda uliowekwa, wenye rangi ya mstari unaotakiwa na upana kamili wa dirisha, ni chanya hata ukiwa hafifu, isipokuwa maelekezo ya kipimo husika yaseme vinginevyo. Wengi huuita "chanya kidogo", jina ambalo halina maana: kwenye vipimo vya ndiyo au hapana, ukolezi wa rangi haupimi wingi wa virusi kwa namna ya kutegemewa. Mstari wa kijivu, uliokatika au uliotokea baada ya muda ni wa kurudiwa. Wasomaji wawili wakitofautiana, wasome chini ya mwanga mzuri bila kuambiana, kisha arudie wa tatu kwa kaseti mpya.

PCR: udhibiti hasi umegeuka chanya

Tube iliyowekewa maji tu ikionyesha kirusi, hakuna jibu chanya la mzunguko huo linaloruhusiwa kutoka. Mara nyingi chanzo ni bidhaa za mizunguko ya zamani. Nakala moja ya kinasaba ikiongezeka maradufu mara 30 huzaa nakala zaidi ya bilioni moja, na ukifungua tube hiyo, kiasi kidogo kisichoonekana hupanda hewani na kutua kwenye pipeti, kwenye mkono wa koti na kwenye mpini wa jokofu. LAMP, inayofanya kazi kwenye joto lisilobadilika la nyuzi 60 hadi 65, iko hatarini zaidi kwa sababu huzalisha kiasi kikubwa na baadhi ya watu hufungua tube kuongeza rangi ya kusomea. Rangi iwekwe kabla ya kuanza, na tube isifunguliwe tena kamwe.

Rudia kwanza kwa maji mapya peke yake, kisha badilisha kitendanishi kimoja baada ya kingine hadi mkosaji apatikane. Ikiwa maji mapya yanasafisha tatizo, tupa ya zamani na uendelee. Ikiwa hayasafishi, futa benchi na pipeti kwa jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa tisa za maji, iache dakika kumi, ioshe kwa maji, na uchunguze njia ya kazi: mtu aliyetoka chumba cha kuzidisha vinasaba asirudi siku hiyo chumba cha kuandaa mchanganyiko akiwa na koti lile lile. Vitendanishi vyenye kimeng'enya cha UNG husaidia kuharibu bidhaa za zamani, mradi nazo zilitengenezwa kwa dUTP, kijenzi cha vinasaba ambacho kimeng'enya hicho hukitambua.

Hatari: jiki isikutane na bafa za kuvunjia seli zenye guanidini thiosianeti, wala na taka za katriji zenye bafa hizo. Mchanganyiko huo hutoa gesi zenye sumu. Ikitokea, toka chumbani, funga mlango na uite wahusika wa usalama.

Mashine imeandika "batili" au "hitilafu"

Maneno haya mawili hayana maana moja. "Batili" kwa kawaida husema kwamba udhibiti wa ndani, kinasaba kilichowekwa makusudi ili kizidishwe pamoja na sampuli, haukuonekana, na kwa hiyo shaka inaangukia sampuli. "Hitilafu" husema kwamba mashine ilisimama njiani.

Kwa batili, shuku vizuizi: damu iliyovunjika, heparini ya kuzuia damu kuganda kwenye tube ya kuchukulia damu (tumia yenye EDTA badala yake), kamasi nzito, kinyesi. Zimua sampuli mara kumi au utenge vinasaba upya. Katika vipimo vingi, udhibiti wa ndani ukikosekana wakati kirusi kimeonekana kwa nguvu, jibu chanya bado ni halali, kwani kirusi kingi humaliza vitendanishi. Soma maelekezo kabla ya kurudia bure.

Kwa hitilafu, angalia inajirudia wapi. Ikiwa ni kwenye sampuli moja, na mashine inalalamikia shinikizo, sampuli ni nzito au imejazwa vibaya. Ikiwa ni kwenye moduli moja (chumba kimoja cha kupimia ndani ya mashine) kwa sampuli tofauti, moduli ndiyo mgonjwa. Ikiwa ni moduli zote kwa pamoja, tazama umeme na joto la chumba. Usifungue moduli kwa bisibisi. Izime, iandike, na umwite fundi aliyeidhinishwa, kwa kuwa mfumo wake wa mwanga hurekebishwa kwa vifaa maalumu, na moduli iliyochezewa huweza kutoa majibu yenye kuaminika kwa sura huku yakiwa ya uongo.

Njia mbili zimepingana

PCR chanya na antijeni hasi ndio mgongano unaoletwa zaidi, na kwa kawaida si mgongano. Tazama namba ya Ct, yaani mzunguko wa kuzidisha vinasaba ambao ishara ya kirusi ilianza kuonekana. Kila tofauti ya mizunguko 3.3 ni takribani mara kumi, hivyo sampuli yenye Ct ya 18 ina vinasaba zaidi ya mara laki moja kuliko yenye Ct ya 35. Antijeni huikamata ya kwanza bila shida na ya pili karibu haiwezi. Ct kubwa inaweza kuwa mwanzo kabisa wa maambukizi, mwisho wake, sampuli mbovu au uchafuzi, na namba peke yake haiwezi kuamua ni lipi. Sampuli ya pili baada ya siku moja au mbili huamua: Ct ikishuka, ugonjwa unapanda. Usilinganishe Ct za mashine mbili tofauti kana kwamba ni kipimo kimoja cha urefu.

Antijeni chanya na PCR hasi ni adimu zaidi, na inastahili kushukiwa kwanza mahali pa kusoma kaseti, kisha kwenye utambulisho wa sampuli. Linganisha majina, namba na saa kwenye rejesta kabla ya kugusa kitendanishi chochote. Utata ukibaki, hifadhi sampuli ya njia ya hewa kwenye nyuzi 2 hadi 8 ikiwa itasafirishwa ndani ya saa 72, au chini ya nyuzi 70 hasi ikiwa itachelewa zaidi, na uipeleke maabara ya rufaa pamoja na majibu yote mawili, namba za matoleo ya vipimo na tarehe ya kuanza kwa dalili. Daktari aliyemtuma mgonjwa ajulishwe siku hiyo hiyo kwamba jibu halijafungwa.